Kesi ya SM Otieno: nani ana ruhusa ya kusema wewe ni nani

Tuanze na mwili wenyewe, kwa sababu kila kitu hapa kilianzia kwa mwili. Tarehe 20 Desemba 1986 wakili mmoja wa Nairobi anaitwa Silvano Melea Otieno, lakini watu wote walimjua kama SM, alizidiwa akiwa shambani kwake Upper Matasia kule Ngong, akakimbizwa hospitali Nairobi na hakurudi. Alikuwa na miaka 55. Wakili wa kesi za jinai, jina kubwa kortini, mtu wa suti na Kiingereza kilichonyooka. Na hakuacha wosia wa maandishi unaosema azikwe wapi. Yaani mtu amekula mkate wake kwa karatasi miaka na miaka, halafu hili lake mwenyewe akaliacha mdomoni. Alizikwa tarehe 23 Mei 1987. Ukihesabu ni siku 154, na siku zote hizo marehemu yuko kwenye jokofu la City Mortuary huku nchi nzima ikibishana juu yake.

Wengi wakiisimulia hii kesi wanaisimulia kama vita ya Wakikuyu, kabila la mjane, na Waluo, kabila la marehemu. Sikatai, hiyo ilikuwemo, kwa mabasi na kwa baa ilikuwa imejaa. Lakini mimi nikiisoma upya naona ukabila ulikuwa moshi tu. Moto wenyewe ulikuwa swali moja, mtu mzima mwenye akili timamu, raia wa jamhuri, anaweza kuamua yeye ni nani ama hiyo kazi ilishafanywa siku alipozaliwa? Na korti za Kenya zililijibu hilo swali, tena bila kupepesa macho.

Upande mmoja yuko mjane, Virginia Wambui Otieno. Sasa huyu hakuwa mjane wa kukaa kwa mkeka amejifunika leso akingoja wazee waamue. Ni uzao wa Waiyaki wa Hinga, yule kiongozi wa Wakikuyu aliyewapinga wakoloni, ujana wake aliupitisha akifanya kazi za chini kwa chini za Mau Mau, wakoloni wakamfunga, baadaye akaingia siasa, na kaka yake Munyua Waiyaki alishawahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Yeye na SM walifunga ndoa 1963, ndoa ya serikali chini ya ile sheria ya ndoa za Kikristo za Waafrika, si ya kimila. Nyumba ilikuwa na watoto kumi na tano ukijumlisha wa kuzaa na wa kulea. Wambui akasema mume wangu alitaka azikwe Upper Matasia, na kama haiwezekani basi Lang'ata, alinieleza mimi na aliwaeleza wengine, na nitamzika huko.

Upande wa pili yuko ndugu ya marehemu, Joash Ochieng' Ougo, na nyuma yake ukoo wa Umira Kager ukiongozwa na Omolo Siranga. Wao neno lao lilikuwa fupi. Mjaluo anazikwa kwao. Kwao ni Nyamila, Nyalgunga, huko Siaya, alikozikwa baba yake. Mambo ya Matasia hawayatambui.

Mwanzoni Wambui alishinda. Korti zilikuwa likizo, Jaji Frank Shields akasikiliza na akaona kwamba SM alikuwa mtu wa mjini, mtu wa dunia pana, na ni ngumu kumfikiria mtu kama huyo akiwa chini ya mila za jamii ya kijijini. Ukoo ukakimbilia Korti ya Rufaa na korti ikasema hapana, jambo hili haliwezi kukatwa haraka haraka hivi, mwili usiguswe, kesi isikilizwe kamili na mashahidi waitwe. Ikapelekwa kwa Jaji Bosire, Januari 1987. (Ndiyo, Bosire yule yule ambaye baadaye aliongoza tume ya kuchunguza sakata la fedha za umma la Goldenberg.) Wakili wa Wambui alikuwa John Khaminwa, mtu aliyekuwa amewekwa kizuizini 1982 kwa kutetea watu ambao serikali haikupenda watetewe. Wakili wa ukoo alikuwa Richard Kwach, Mjaluo mwenyewe, mkali kama wembe, na baadaye naye akawa jaji.

Hapa kwa ushahidi ndipo mimi hukaa sana, kwa sababu ukisoma maswali yaliyoulizwa utashangaa. Hii kwa karatasi ilikuwa kesi ya nani amzike mtu, lakini kilichosikilizwa kwa wiki kadhaa ni kesi ya kumpima marehemu kama alikuwa Mjaluo wa kutosha ama hakutosha. Upande wa mjane ukaleta ushahidi kwamba SM alipenda fasihi ya Kiingereza, aliangalia vipindi vya mawakili kwa tivii, nyumbani watoto walilelewa kisasa, wala hakuwahi kujenga nyumba Nyalgunga. Upande wa ukoo ukamleta hadi mchimba kaburi kutoka kijijini, akasema SM mwenyewe aliwahi kumwambia siku yake ikifika amchimbie karibu na baba yake. Tena wakamleta profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kusimama kizimbani kueleza mila za mazishi za Waluo. Hebu fikiria, korti moja, wiki hizo hizo, mchimba kaburi na mwanafalsafa wote ni mashahidi wa upande mmoja na wote wanasema kitu kile kile. Nadhani hapo ndipo kesi ilipoanza kumponyoka Khaminwa, kwa sababu hoja yake nzima ilisimama juu ya dhana kwamba ukisoma sana unaacha kuwa mtu wa kwenu, na sasa mbele yake kasimama msomi kuliko wengi waliokuwa mle ndani anayesema hapana, mimi nimesoma na bado ni wa kwetu.

Halafu kukawa na lile suala la nyumba na kwao. Kwach alilipigilia kama msumari. Kwa Kijaluo kuna *ot*, nyumba, na kuna *dala*, ambayo ni boma la kwenu, na hivyo vitu viwili havifanani hata kidogo. Unaweza kuwa na nyumba kumi, Nairobi, Mombasa, Ngong, zote ni nyumba. Dala ni mahali ulipowekewa na baba yako kwa taratibu zake, na kama hujawekewa bado basi dala yako ni ya baba. Kwa hivyo Upper Matasia na shamba lake lote na hati yake ya ardhi ilikuwa nyumba tu. Ukimwambia mtu wa Nairobi leo kwamba pale amelipia mkopo miaka ishirini si kwake atakutusi, lakini muulize Krismasi anaenda wapi atakwambia naenda nyumbani. Lugha yenyewe inamsaliti. Hilo Kwach alilijua na wala hakuhitaji kumweleza jaji sana.

Na nisiufanye ukoo uonekane kama watu wa ushirikina tu, maana uandishi mwingi wa mjini wa wakati ule ulifanya hivyo na ulikuwa uvivu. Ndiyo, kulikuwa na ushahidi wa mizimu, kwamba aliyezikwa pasipo pake anarudi kusumbua walio hai. Lakini chini yake kuna wazo zito kuhusu mtu. Kwa macho ya ukoo mtu si kitu kilichojifunga chenyewe kama chupa. Mtu ni pingili kwa mua, kuna iliyo chini na kuna iliyo juu, na wewe huwezi kusema mimi pingili hii nimejitenga. Kaburi pia si shimo tu. Kenya hii kaburi ni ushahidi, mzee akiulizwa shamba hili ni la nani anaonyesha makaburi. Kumzika SM Nyamila kulikuwa kuwaambia wanawe hapa ni penu, mkitaka msitake. Mtu anaweza kulipinga wazo hilo, mimi mwenyewe nalipinga kwa sehemu, ila si upuuzi.

Sasa tuje kwa sheria, na hapa nitawaomba mvumilie kidogo. Katiba na sheria za Kenya wakati huo hazikuwa na mstari hata mmoja unaosema nani ana haki ya kuzika. Sheria ya urithi ilikuwa imeanza kazi 1981 lakini inagawa mali, na mwili si mali, hiyo ni kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza, maiti haina mwenyewe. Ndiyo maana hata kama SM angeandika kwa wino na kupiga muhuri kwamba nizikeni Matasia, isingemaliza kesi. Matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake korti inaweza kuyaheshimu lakini hayaifungi mikono. Watu wengi hili hawalijui hadi leo, wanadhani SM alishindwa kwa sababu ya uzembe wa kutoandika.

Kukiwa na shimo kama hilo kwa sheria, majaji waliangalia sheria ya mahakama, kifungu cha 3, kinachosema korti ziongozwe na sheria za mila za Kiafrika kwa kesi za madai ambapo mmoja wa wahusika yuko chini ya mila hizo au anaguswa nazo, mradi mila hizo zisiwe za kuchukiza haki na maadili. Kile kipande cha "kuchukiza" ni cha kikoloni kabisa, mzungu ndiye alikiweka apime mila za watu kwa pua yake, na tulipopata uhuru tukakibeba kama kilivyo. Lakini neno la kuangalia pale si hilo, ni "yuko chini ya". Nani yuko chini ya mila? Unaingiaje? Unatokaje? Sheria ilinyamaza.

Wambui akajaribu mlango wa ndoa, akasema tulioana kwa sheria ya serikali kwa hivyo maisha yetu yote yalihamia upande wa serikali. Na kwa kweli ile sheria ya ndoa ilikuwa na kifungu kizuri kwa wajane, kilisema mwanamke aliyeolewa hivyo mume akifa halazimishwi kurithiwa na shemeji wala kuwa chini ya amri ya ndugu za mume. Yaani ilimwokoa mjane mwenyewe, halafu ikasahau mwili wa mumewe. Korti ikasema ndoa ya serikali ilibadilisha namna mlivyooana, haikumbadilisha yeye alivyozaliwa. Akajaribu mlango wa ubaguzi, kwamba mila hii inamnyima mke sauti kwa sababu ni mwanamke tu. Huko ukuta ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu katiba ya wakati huo, kifungu cha 82, ilikataza ubaguzi halafu hapo hapo ikatoa msamaha kwa mambo ya ndoa, talaka, mazishi na urithi. Mazishi yalitajwa kwa jina! Katiba ilikulinda barabarani na kazini, ukifika mlangoni kwako inasimama nje, inakwambia hayo malizaneni na wazee.

Tarehe 13 Februari 1987 Bosire akatoa hukumu. Mwili upewe Joash na Wambui kwa pamoja, au yeyote kati yao, lakini uzikwe Nyamila. Kwa lugha nyingine mama una ruhusa ya kumzika mume wako mahali ambapo hutaki azikwe. Wambui akakata rufaa, na tarehe 15 Mei majaji Nyarangi, Platt na Gachuhi wakaitupa.

Ndani ya hukumu hiyo ya rufaa kuna hoja moja ambayo mimi naiona ndiyo kesi nzima, hayo mengine ni mapambo. Majaji walisema kwamba kwa sasa hakuna njia ambayo raia Mwafrika wa Kenya anaweza kujitoa kwenye kabila la baba yake, kama mila za kabila hilo zinafuata ukoo wa baba. SM alizaliwa na kulelewa Mjaluo, akabaki Mjaluo, basi. Soma tena polepole. Unaweza kubadilisha dini, unaweza kubadilisha jina kwa kiapo, unaweza kuhama nchi na kuukana uraia wenyewe, serikali ina fomu ya kila moja ya hayo. Kabila halina fomu ya kutoka.

Na kinachonichekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba sheria ya vitambulisho ya nchi hiyo hiyo inapoorodhesha mambo ya kuandikwa kwenye rejista inataja kabila au rangi *iliyotangazwa* na mtu mwenyewe. Kwa hivyo kwa dawati la vitambulisho kabila ni kitu unachosema wewe, afisa anaandika. Kortini ni kitu ulichosemewa. Serikali moja, majibu mawili, na lile la pili ndilo linafuata mwili wako mochari. Hakuna wakili aliyeisukuma sana hoja hii ninavyojua mimi, labda isingefua dafu, lakini ningependa kuona majaji watatu wakiijibu.

Mimi nadhani kulikuwa na njia fupi zaidi. Korti ingeuliza tu nani ana wajibu wa kuzika, nani aliishi na huyu mtu, nani analipa na nani analia, ikamaliza bila kugusa kama SM alikuwa Mjaluo kiasi gani. Badala yake pande zote mbili ziliingia mtegoni, hata wa Wambui. Khaminwa hakusema haijalishi SM ni nani, alisema SM ni wa kisasa, kwa hivyo na yeye alikubali mtu apimwe kwanza ndipo apewe haki. Ukishakubali mizani iletwe, usilalamike ikielemea upande mwingine. Maana ungefanya nini na karani wa kawaida tu, mtu ambaye hakusoma fasihi yoyote, hana jina mjini, na yeye pia anataka azikwe alipoishi? Kwa hoja ya Shields huyo hana bahati kabisa. Ndio maana ule ushindi wa kwanza haunifurahishi sana, ulikuwa ushindi wa tabaka.

Muktadha wa nyakati hizo pia usisahaulike. 1986 ni KANU chama kimoja, kura za mlolongo, za kupanga foleni nyuma ya mgombea, ndio zimepitishwa, bunge mwaka huo huo limemwondolea mwanasheria mkuu ulinzi wa kazi yake na 1988 likawafuata majaji. Gazetini huwezi kuandika juu ya mamlaka ya rais, lakini mamlaka ya ukoo juu ya mtu, hiyo unaandika kurasa nzima. Watu walijaa korti hadi nje, magazeti yalichapisha maswali na majibu ya mashahidi karibu neno kwa neno, na nina hakika wengi waliokuwa wakibishana kuhusu SM walikuwa wakibishana kuhusu kitu kingine ambacho hawangeweza kukitaja kwa sauti, kwamba mtu mmoja peke yake akisimama mbele ya kundi linalosema wewe ni wetu, ana nini mkononi?

Wambui hakwenda kwa mazishi. Tarehe 23 Mei mwili ukashushwa Nyamila bila mjane, umati ukiwa mkubwa ajabu. Wapo waliomlaumu kwamba alisusia maiti ya mumewe. Mimi simlaumu, angeenda kufanya nini, kusimama kama ushahidi kwamba wenzake walikuwa sahihi?

Baada ya hapo mambo yalibadilika polepole. Korti Kuu ilianza kuegemea kwenye yule aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, ambaye mara nyingi ni mke au mume, hukumu moja ya 2004 inatajwa sana kwa hilo. Halafu ikaja katiba ya 2010, na ule msamaha wa kifungu cha 82 ukafa, ibara ya 27 inasema mwanamke na mwanamume wako sawa na ibara ya 2 inasema mila yoyote inayopingana na katiba ni batili. Ila katiba hiyo hiyo kwa ibara ya 11 inautambua utamaduni kama msingi wa taifa, kwa hivyo mabishano hayajafungwa, yamepewa silaha mpya tu. Kesi za mazishi bado zinafika kortini, bado SM anatajwa na mawakili wa pande zote, na bado matakwa ya marehemu yanaheshimiwa bila kuifunga korti.

Na Wambui? Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa tena kwa ndoa ya serikali na kijana wa miaka ishirini na kitu, Peter Mbugua. Nchi ikalipuka. Safari hii hakukuwa na Umira Kager wala Siranga, kijana mwenyewe alikuwa Mkikuyu mwenzake, na hakuna sheria hata moja iliyovunjwa, lakini ungesikia redioni watu waliokuwa upande wake 1987, wale wa mtu aachiwe aamue mwenyewe, sasa wanasema mama mzima, kitukuu wa Waiyaki, anatuaibisha. Anatuaibisha sisi. Aliishi na Mbugua hadi alipofariki Agosti 2011.